Maswali ya wasomaji: Ligacha ipi ya klarineti, na skrubu zikae wapi?

Safari hii nusu ya barua zimekuja na kitu kimoja, ligacha, ile pete inayobana ridi (kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka) kwenye mausipisi (kile kichwa cha klarineti unachotia mdomoni). Sijui nani kawachokoza. Nimechagua barua tano, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu zingine zote zinaning'inia hapo hapo, kwahiyo kama yako haimo soma ya kwanza kwanza halafu ndo uninunie.

Shikamoo mwalimu. Nina klarineti ya Bb, huu mwaka wa pili naipiga, na ligacha niliyonayo ni ile ya bati ya skrubu mbili iliyokuja na boksi. Skrubu ya juu imeanza kuzunguka bure, haikamati. Nikasema ninunue nyingine, kuingia kuangalia nikachanganyikiwa, kuna za ngozi, za kitambaa, za kamba, za kupakwa dhahabu, zingine bei inakimbizana na mausipisi yenyewe. Mwenzangu kwenye bendi anasema ligacha ndo nusu ya sauti. Mwalimu wangu anasema huo ni upuuzi mtupu. Nani mkweli? – Skrubu Imegoma

Marahaba Skrubu Imegoma. Mwalimu wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila na yeye kaongeza chumvi kidogo, na huyo mwenzako kamwaga gunia zima.

Tuanze na kazi yenyewe. Ridi ina sehemu mbili, kuna ile iliyochongwa ikawa nyembamba mpaka nchani, hiyo ndo inatetemeka na kutoa sauti, na kuna ile ya chini yenye ganda, hiyo imelala kwenye meza ya mausipisi, yaani ule ubapa wa chini ya dirisha, lile tundu refu ambalo ridi inalifunika. Ligacha inabana hiyo ya ganda tu. Inachotakiwa kufanya ni kuilaza ridi ikae bapa, isisogee, hewa isipite pembeni, na isiibane mpaka ikapinda. Ikifanya hayo imemaliza karibu kazi yake yote, kinachobaki ni ladha, na ladha ipo sikatai, lakini ni ladha ya chumvi kwenye mchuzi uliokwisha iva, sio mchuzi wenyewe.

Sasa nikupe kisa changu. Niliwahi kununua ya kupakwa dhahabu, nilijibana miezi kadhaa, siku imefika nikaipiga peke yangu chumbani nikasikia mbingu zimefunguka. Nikaenda nayo mazoezini nikamwambia jirani yangu wa kiti cha pili ageuke ukutani asikilize. Nikapiga na ya dhahabu, nikapiga na bati langu la zamani, halafu nikagusagusa skrubu kelele zisikike kama nabadilisha, nikapiga tena na bati lile lile. Akageuka ananiambia hiyo ya tatu ndo yenyewe, ina mwili, hiyo usiiache. Nilimwambia asante nikakaa kimya mpaka mazoezi yakaisha.

Haimaanishi nilichosikia chumbani kilikuwa uongo. Ukipiga klarineti meno yako ya juu yamekaa juu ya mausipisi, mtetemo unapanda kwenye meno unaingia kwenye mifupa ya kichwa, kwahiyo we unasikia vitu ambavyo aliyekaa mita tano mbele hana njia ya kuvisikia. Bandika kile kibandiko cha mpira juu ya mausipisi, kile chembamba kisichofika hata milimita 1, utasikia sauti "imebadilika" hapo hapo, wakati msikilizaji wako hajui kama kuna kitu umegusa. Ligacha nzito, ligacha nyepesi, mengi ya tofauti zake yanaishia humo humo kichwani kwako. Na hiyo nayo ina thamani yake, maana mtu akijisikia vizuri analegeza koo anapuliza kwa raha, ila ujue unachonunua ni nini.

Kuna mtego mwingine ambao hata waliopiga miaka mingi wanaingia. Ukibadilisha ligacha lazima uitoe ridi au uilegeze, na ukiirudisha haikai pale pale. Ridi ikipanda kiasi cha unene wa unywele inakuwa ngumu, ikishuka inakuwa laini, ikienda pembeni kidogo inaanza kupiga miluzi. Kwahiyo mtu anajaribu ligacha nne kwa dakika kumi anasema hii ina giza hii ina mwanga, kumbe kila mara alikuwa anapiga ridi iliyokaa tofauti. Ukienda kujaribu nenda na ridi moja unayoijua tabia yake, kila ukibadilisha iangalie kwa mbele usawa wa macho, ncha ya ridi iachie kamstari cheusi kembamba sana cha mausipisi kwa juu, pande zote mbili sawa. Halafu kila ligacha irudie mara mbili kwa kuchanganya. Ikikupa jibu lile lile mara zote mbili hapo ndo uanze kuiamini.

Na upige nini? Usipige wimbo wako unaoupenda, huo utautengeneza mwenyewe bila kujua. Piga noti ndefu ya chini kabisa, ile E, anza kimya panda mpaka juu urudi kimya uone inapokatika. Piga noti za koo, G, A na Bb, zile ambazo kwa asili zina ukungu. Vuka kutoka A ya koo kwenda B ya rejista ya pili, taratibu, mara kumi. Halafu gonga ulimi haraka kwenye noti moja uone kama inaitika au inachelewa. Mi tofauti za ligacha nimezikutaga zaidi kwenye ulimi na kwenye kuanza kimya kuliko kwenye hiyo "rangi ya sauti" wanayoitangaza.

Kabla ya yote hayo lakini, angalia kama inakaa. Hapa ndo watu hawataki kunisikiliza. Mausipisi hazilingani unene, za ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, zinatofautiana kwa kampuni na hata kwa modeli, kwahiyo ligacha tamu kwa mwenzako kwako inaweza kupwaya. Ukikaza, zile pande mbili zenye matundu ya skrubu zisigusane, zikigusana ujue imekwisha safari na bado haijabana. Ikibidi ulazimishe kuiingiza nayo sio yako. Halafu fanya hivi: piga nusu saa, toa ridi, igeuze uangalie ganda lake kwenye mwanga ukiwa umeiinamisha. Utaona alama za ligacha. Zikiwa mbili, nyembamba, zinakwenda sambamba na kina kimoja, ligacha inakaa. Ukiona alama imezama upande wa kulia, halafu kushoto hamna kitu, hiyo inabana upande mmoja, na hapo ndo miluzi inapotoka, utahangaika na mdomo wako miezi na kosa sio lako.

Kipimo cha pili hakina gharama. Chomoa mausipisi na ridi yake na ligacha yake, ziba tundu la chini kwa kiganja, vuta hewa kama unanyonya, kisha itoe mdomoni. Ridi ikijishikilia sekunde moja au mbili halafu ikaachia "po!", imeziba vizuri. Isiposhikilia kabisa, hewa inapita mahali. Badilisha ridi kwanza, maana mara nyingi ni ridi imepinda, na kama ridi tatu nzima zinakataa geukia ligacha, na kama ligacha mbili zinakataa basi tazama meza ya mausipisi.

Aina zenyewe sasa, kwa kifupi. Bati za skrubu mbili ni nzuri tu, watu wanazidharau kwa sababu zinakuja bure na boksi. Za kitambaa na ngozi kama Rovner na zile za BG zinakuja mara nyingi na skrubu moja, zinakumbatia ridi yote, wengi wanasema sauti inakuwa ya giza na laini kidogo na mi sitabishana nao, ubaya wake kitambaa kinavutika kadiri miaka inavyokwenda na ridi haitelezi kirahisi ukiwa unaipanga. Vandoren wana Optimum, ya chuma, ndani ina kibamba kinachogusa ridi na unapewa vibamba vitatu vya kubadilisha, kila kimoja kinagusa kwa namna yake, ni kitu kizuri ila andaa kikopo maana vibamba viwili usivyovitumia vitapotea. Silverstein wao ni kamba zilizozungushwa, ufundi mzuri sana, bei nayo ya ufundi. Kupakwa dhahabu, kupakwa fedha, rozi goldi, hiyo chagua kwa macho kama unavyochagua saa.

Kwahiyo wewe ukiniuliza ningefanyaje ningekuwa na klarineti ya mwaka wa pili: kwanza ningempelekea fundi wa vyombo vya upepo hiyo skrubu, pengine uzi wa skrubu ndo umeisha na skrubu inabadilishika, ligacha yako haina kosa. Ikishindikana ningenunua ya kitambaa ya skrubu moja au bati jipya linalokaa vizuri, basi. Pesa iliyobaki iweke kwenye ridi, na ukiwa na pesa nyingi zaidi iweke kwenye mausipisi, huko ndiko sauti inakobadilika mpaka na jirani anauliza.

Na kabla hujanunua chochote jaribu kusogeza uliyonayo. Kwenye mausipisi nyingi kuna mistari miwili imechorwa kuzunguka, ligacha ikae chini ya ule wa juu. Ukiipandisha mpaka ikagusa sehemu iliyochongwa ya ridi sauti inabanwa kama mtu kashikwa shingo. Ishushe milimita moja, piga, ishushe tena moja, piga. Kuna wasomaji wawili waliofanya hivyo wakaniandikia kwamba wameahirisha kununua.

Mwalimu habari. Kwenye picha naona wengine skrubu zao ziko chini upande wa ridi, wengine ziko juu kama zimegeuzwa. Mimi nilizoea chini, kuna mtu kanicheka eti nimeweka kinyume. Kinyume ni ipi? – Niko Chini

Salama Niko Chini. Zote zipo, inategemea ligacha imetengenezwa ikaaje. Ile ya kawaida skrubu zinakaa upande wa ridi, zile zilizogeuzwa skrubu zinakaa juu, mgongoni kwa mausipisi, na upande wa ridi unabaki chuma kilichoandaliwa kuigusa. Maarufu kwenye za kugeuza ni ile yenye jina la Bonade, kwa ajili ya Daniel Bonade aliyekuwa mpiga klarineti mkuu wa Philadelphia Orchestra, hiyo upande wa ridi ina matuta mawili marefu, ridi inashikwa hapo tu katikati inapumua.

Kwa namna zote mbili vichwa vya skrubu kwa kawaida vinaangalia mkono wako wa kulia ukiwa umeishika klarineti tayari kupiga. Kama zako ziko kushoto labda huyo aliyekucheka ndo alikuwa anaona hilo. Ukigeuza ligacha ya kawaida skrubu zikaenda juu haitalipuka, wapo wanaofanya makusudi, ila angalia isiwe na ukingo mkali unaokula ganda la ridi.

Halafu kukaza. Ya chini kaza ishike, ya juu ifikie kugusa tu halafu ongeza robo duru, sio zaidi. Watu wanakaza kama wanafunga tairi la lori, ridi inapinda katikati, kingo zinanyanyuka, hewa inavuja, mluzi unatoka, na yeye anajua haijakaza vizuri kwahiyo anaongeza tena. Na ukimaliza kupiga legeza.

Kaka mwalimu, ni kweli Wajerumani wanafunga ridi kwa kamba? Na mimi naweza kutumia kamba ya kiatu? Usinicheke. – Kamba Mkononi

Sikucheki hata kidogo, kamba ndo iliyoanza. Klarineti ilipotoka kwa Johann Christoph Denner kule Nuremberg kwenye miaka ya 1700 hapakuwa na skrubu yoyote, ridi ilifungwa kwa uzi, na wengi waliipiga imegeuzwa juu, ridi inagusa mdomo wa juu. Ligacha ya chuma ya skrubu inatajwa kuwa ni ya Iwan Müller, mwanzoni mwa karne ya 19, huyu huyu aliyetengeneza klarineti ya funguo 13. Wengine wakahamia chuma, Wajerumani wengi wakabaki na kamba yao mpaka leo, na mausipisi zao zina vijifereji vimechongwa kuzunguka ili kamba isiteleze.

Kamba ya kiatu inafanya kazi, nakwambia kwa kuapa. Kuna siku dakika tano kabla ya kupanda jukwaani skrubu ya ligacha yangu iliniponyoka gizani nyuma ya pazia, nikasikia ikigonga mbao tik, tik, halafu kimya. Nimepiga magoti napapasa vumbi, wenzangu wameshaanza kutoka mmoja mmoja. Nikavua kamba ya kiatu cha kushoto. Ile kipande ngumu ya plastiki ya mwisho nikailaza ubavuni mwa mausipisi, sio juu ya ridi, ikielekea chini, kidole gumba kimeshika ridi, nikaanza kuzungusha kutoka chini kidogo ya mstari wa juu, mzunguko ukikaa ubavuni kwa mwenzake bila kupandana, kila mzunguko unapita juu ya ule mwisho nilioulaza kwahiyo wenyewe unajikaba. Nikafika chini, ncha iliyobaki nikaipenyeza ndani ya mzunguko wa mwisho nikavuta. Nikatoka kiatu kimoja kinapwaya, nikapiga programu nzima, na zile noti za kimya za juu zilinitoka vizuri kuliko kawaida. Kuna mzee mmoja aliniuliza baadaye hiyo ligacha ya kitambaa ni ya kampuni gani.

Kasoro yake ni mbili. Kupanga ridi unachelewa, huwezi kusogeza unywele bila kufungua yote, na kamba ya bapa inashika kuliko ya duara, ile ya duara kwenye mausipisi isiyo na vijifereji inateremka taratibu. Ukipenda mtindo huu tafuta kamba nyembamba iliyosukwa isiyovutika, utakuwa na ligacha ya bure.

Nina ligacha ya klarineti ya Bb, mwezi ujao naazimwa klarineti ya A, na pia kuna ya Eb na besi kwenye bendi. Inahamishika? Na saksafoni alto je? – Mzungukaji

A ndiyo, tena kwa Bb na A watu wanahamisha mausipisi ile ile moja na ridi yake na ligacha yake bila kufungua kitu. Eb ni ndogo, besi ni kubwa, hizo kila moja na yake. Alto usikisie, unaweza kukuta ya kitambaa inakubali kwa mausipisi fulani, ila ya chuma usilazimishe utaipanua halafu itakataa hata nyumbani kwake. Na ukiagiza kwa mbali andika modeli ya mausipisi yako, sio "klarineti" tu, maana mausipisi za Kijerumani ni nyembamba kuliko hizi zetu za mfumo wa Boehm (ule mpangilio wa funguo wa Kifaransa) na ligacha zake ni tofauti.

Nimenunua ya ngozi, kifuniko changu cha zamani hakiingii tena. Nifanyeje? – Kifuniko

Ya ngozi ni nene, kifuniko cha bati kilitengenezwa kwa ajili ya bati. Nyingi zinauzwa na kifuniko chake ndani ya boksi, hebu rudi uangalie kwenye ile karatasi uliyoitupa. Kama haikuja nacho kuna vifuniko vya plastiki vipana. Ila na wewe usiwe unaiacha ridi humo usiku kucha eti kwa sababu kuna kifuniko, inaota ukungu na inakaukia imepinda. Ukimaliza legeza skrubu, vuta ridi kwa chini taratibu, ifute, ilaze kwenye kasha lake, ligacha irudishe kwenye mausipisi tupu ili ngozi isipoteze umbo. Siku ya kuifunga, ligacha inatangulia ikiwa imelegea, ridi unaishusha kutoka juu kisigino, ule mwisho wake mnene, kikitangulia. Ukianza na ridi halafu ukaishusha ligacha juu yake, siku moja ukingo utagonga ile ncha na ridi yako nzuri kuliko zote imekwenda.

Barua za mara ijayo naomba ziwe za ridi, nimechoka na skrubu.